Kuizunguka Nyota

Kila Alhamisi, baada ya supu,
namsukuma bibi Visitación katika kiti chake cha magurudumu
kuizunguka ngome ya Pamplona.
Wageni huujia mji huu kwa pembe za fahali.
Sisi tuna pembe nyingine, za mawe,
hazimkimbizi mtu.

Wanasema ni nyota.
Kwenye ramani, ndiyo. Kwa kunguru, labda.
Sisi wa chini twaona ukuta,
kisha kona, kisha ukuta tena,
na handaki lililoota majani mororo
ambamo vijana wawili hurushiana kisahani
na mbwa asiye wao hukidaka.

"Zilikuwa tano," bibi huniambia kwenye kona ileile,
kana kwamba Alhamisi iliyopita nilikuwa kiziwi.
"Mji ulinenepa, ukataka kulegeza mkanda,
wakakata pembe mbili.
Sasa utapata wapi nyota ya jaha
chini ya nyota iliyomegwa?"
Hucheka, akaniomba peremende
ambayo daktari amemkataza.

Ana kisa anachokipenda kuliko sala.
Februari, enzi za Wafaransa.
Wamo mjini kama marafiki, wamelala vitanda vya watu.
Asubuhi wanakuja langoni kuchukua mkate wao,
na theluji imejaa,
na mmoja anamtupia mwenzake donge.
La pili linampata mtu puani.
La tatu linavuka daraja.
Walinzi wanacheka, wanatoka,
wanainama kufinyanga madonge yao,
bunduki zimeegemezwa ndani, zinalinda baridi.
Walipoinuka, daraja halikuinuka tena:
lilikuwa limekanyagwa na wageni.
Kuta zilizopimwa na mahandisi wa mfalme,
mizinga, baruti, kamba za daraja,
vyote vilitekwa na kitu
kinachoyeyuka kiganjani.

"Wala hakufa mtu," bibi humalizia.
Hapo ndipo utamu wake ulipo.

Maana kuna upande mwingine wa mzunguko
ambapo husema, "Kaza mwendo,"
nami hukaza.
Ni lango la nyuma. Waliliita Lango la Msaada:
ngome ikizingirwa, msaada upitie hapo.
Mwaka wa thelathini na sita
ngome haikuzingirwa na yeyote.
Baldomero, fundi viatu, baba yake,
alisimamishwa hapo alfajiri moja
akiwa na soksi tu.
Viatu aliviacha kwa mlinzi aliyemfahamu,
na viatu vilirudi nyumbani.
Bibi alikuwa bado tumboni.
Alimjua baba yake kwa soli.

Alhamisi hii theluji ilianguka,
si nyingi, ya kupaka mji unga.
Njia ya bustani ilikuwa na nyayo za wakimbiaji
na mstari wa baiskeli moja iliyoyumba.
Tulipofika lango la nyuma nikakaza mwendo, kama ada.
"Simama," akasema.
Nikadhani sikusikia vizuri.
"Itsaso. Simama."

Alivua glavu ya kulia.
Akakomba theluji kwenye mkono wa kiti,
akaifinyanga polepole, kwa vidole visivyokunjika,
donge dogo, la kijivu, lenye jani ndani,
akalitupa langoni.
Halikufika. Lilianguka hatua tatu mbele yetu,
likakaa pale, lisijue la kufanya.
Nami sikujua la kufanya.

Mtoto mmoja, mkoba mgongoni, anatoka shule,
akaona bibi kizee anacheza theluji.
Hakuuliza. Aliinama, akafinyanga,
akarusha.
Likampiga bibi begani, likapasukia kwenye shali.

Nikamgeukia yule mtoto, mdomo wazi, tayari kufoka.
Nikamgeukia bibi, nikingoja machozi,
leso nimeishaishika.

Alikuwa anajikung'uta bega.
"Huyu ana shabaha," akasema.
"Niletee theluji nyingine. Safi.
Ile ya juu ya ukuta."